Gesijoto zinavyoipasha dunia joto, na kwa nini nyuzi 3 si jambo dogo kwa mkulima

 

Msimu huu wa kaskazi kuna swali linanifuata kila nikikatiza maduka ya pembejeo ya Kariakoo. Mtu anaanza kwa kuuliza mbegu ya nyanya itakayovumilia joto la Dar. Tukimaliza habari ya mbegu linakuja la pili, na hilo ndilo lenyewe: "Bwana shamba, hivi kweli hewa tu inaweza kuipasha dunia nzima? Au ni maneno ya kwenye semina?" Muuza duka mmoja alinibana kuliko wengine. Alisema hewa ya ukaa haifiki hata asilimia 1 ya hewa yote, tena haifiki hata nusu ya hiyo asilimia, kwa hiyo kitu kidogo namna hiyo kitafanya nini?

Hesabu yake ni sahihi. Anakotaka kuipeleka ndiko nisikokubaliana nako, na huu si ubishi wa kijiweni. Mtu anayeamini hivyo anapanga kilimo chake kwa kalenda ya babu yake. Anachukua mkopo, anapanda ekari nzima ya nyanya mwezi usiofaa, maua yanapukutika, halafu anamlaumu aliyemuuzia mbegu. Kwa hiyo leo tuweke viuatilifu pembeni tuongelee hewa, polepole, mpaka tufike kwenye namba moja ambayo wanasayansi wameihangaikia kwa zaidi ya miaka 120.

Tuanze na bomba la mgongoni la lita 20. Dawa nyingi za wadudu lebo inakuambia uweke mililita 20 hadi 40 kwa bomba. Hata ukiweka 40, hizo ni sehemu 2 tu kwa kila 1000, na sijawahi kumsikia muuza duka akimwambia mteja kwamba dawa hiyo ni kidogo mno kuua kiwavi. Sasa chukulia kwamba hewa yote ya dunia ni yale maji ya bomba lako. Kabla ya viwanda kuanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, miaka ya 1700, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 kwa kila milioni. Kwenye bomba la lita 20 hiyo ni mililita 5.6. Sasa hivi imepita sehemu 420, yaani mililita 8.4. Ikifika 560, mara mbili ya kile kiwango cha mwanzo, itakuwa mililita 11.2. Kilichobaki kwenye bomba ni nitrojeni na oksijeni, karibu asilimia 99 ya hewa kavu, na kwa kazi ya kushika joto hizo mbili ni kama maji matupu: hayaui kiwavi hata ukimwagia pipa zima.

Kwa nini moja ishike joto na nyingine isishike? Jibu linaanzia ukutani.

Saa mbili usiku, maduka yakiwa yanafungwa, simama hatua moja kutoka kwenye ukuta wa ghorofa uliopigwa na jua la jioni. Usiuguse. Shavu la upande wa ukuta litahisi joto, la upande mwingine halitahisi. Taa hakuna, moto hakuna, na upepo hautoki ukutani. Unachohisi ni miale ya joto. Haionekani kwa macho, ila ni ndugu wa mwanga. Kila kitu kinaitoa: ukuta, bati, lami, majani ya mchicha, wewe mwenyewe. Kitu kikizidi kuwa na joto, kinatoa miale mingi zaidi.

Sasa jua linatuma mwanga, na mwanga mwingi unapita hewani bila shida mpaka unafika chini. Ardhi na bahari vinaupokea, vinapata joto, kisha navyo vinarudisha joto juu kwa ile miale isiyoonekana. Nitrojeni na oksijeni zinaiacha ipite, kwa sababu chembe zake ni atomi mbili za aina moja zilizoshikana na miale hiyo haizitikisi. Mvuke wa maji na hewa ya ukaa zina atomi tatu, methani ina tano. Chembe hizo zinajikunja na kujinyoosha, na miale ya joto ndiyo inayozitikisa. Zikishaipokea zinaitoa tena kila upande, nyingine kwenda juu na nyingine kurudi chini. Nusu ya mchezo imeisha hapo.

Ukitaka namba: kutoka ardhini na baharini hupanda karibu wati 400 kwa kila mita ya mraba, ukichukua wastani wa dunia nzima, usiku na mchana. Zinazofanikiwa kutoka nje kabisa ya anga ni karibu 240. Tofauti hiyo ndiyo blanketi letu. Bila gesijoto, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati sasa ni karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo tusizitukane gesi zenyewe. Bila hizo hakuna mpunga, hakuna muhogo, na bwana shamba hana kazi.

Hapa kuna jambo la kurekebisha. Wenzetu wanaziita gesi za kitalu nyumba, na mkulima aliyewahi kuwa na kitalu nyumba anachanganyikiwa. Lile banda la nailoni linapata joto hasa kwa sababu hewa moto imefungiwa ndani. Kunja nailoni za pembeni, upepo upite, na joto linashuka palepale ingawa paa liko vilevile. Jengo la soko la Kariakoo, alilosanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, lilitumia akili hiyohiyo kwa kinyume: ile miavuli mikubwa ya zege imenyanyuliwa juu ili hewa ipite na joto la umati lipate pa kutokea. Lakini nje ya anga hakuna hewa ya kupeperusha chochote. Dunia haina nailoni ya kukunja. Joto lake lina mlango mmoja tu wa kutokea, ile miale, na ndiyo maana kinachoishika miale kina nguvu kubwa kuliko wingi wake unavyoonesha. Mimi naona jina letu la gesijoto ni bora kuliko lao.

Na ukitaka kuona kazi hiyo bila maabara, linganisha usiku wa Dar na wa Dodoma. Mwezi Julai, Dodoma mchana unafika nyuzi 26 au 27, usiku unashuka hadi 13 au 14. Dar mchana ni 29 hivi, usiku 18 au 19. Dodoma iko juu, ndiyo, lakini angalia pengo kati ya mchana na usiku: kule ni nyuzi 13, huku ni 10. Hewa ya Dodoma wakati huo ni kavu, mbingu nyeupe, miale inakimbilia juu bila wa kuizuia. Hewa ya Dar imejaa mvuke wa bahari. Njombe na Makete ndio wanaojua zaidi: usiku mkavu usio na wingu ndio unaoleta sakitu kwenye viazi, na wingu likitanda mkulima analala kwa amani. Wingu na mvuke ni blanketi.

Msomaji makini atauliza: kama mvuke unafanya kazi kubwa hivyo, hewa ya ukaa ya nini? Mvuke haukai. Ukizidi unanyesha mvua, ndani ya siku chache umeshuka. Wingi wake unaamuliwa na joto la hewa, hewa ikiwa na joto zaidi ndipo inabeba mvuke zaidi. Hewa ya ukaa hainyeshi. Ukiichoma leo, sehemu yake itakuwa bado iko angani watu wa kizazi cha kumi wanapanda nyanya. Kwa hiyo hewa ya ukaa ndiyo inayoshika usukani na mvuke unafuata.

Lingine linalosemwa ni kwamba hewa ya ukaa iliyopo imeshashika miale yote inayoweza kushikwa, hivyo ukiongeza haina maana. Ukipima chini hapa, kuna miale fulani ambayo kweli inashikwa yote ndani ya umbali mfupi. Lakini joto halitoki nje ya dunia kutokea hapa chini. Linapokezanwa chembe kwa chembe kwenda juu, mpaka kimo ambacho hewa imekuwa nyepesi kiasi kwamba miale inaweza kutoka isikamatwe tena. Ukiongeza hewa ya ukaa, kimo hicho cha kutokea kinapanda. Na juu ni baridi: Moshi mjini watu wanatoka jasho wakati Kibo kuna barafu. Kitu cha baridi kinatoa miale michache. Kwa hiyo joto linalotoka linapungua, wakati linaloingia kutoka kwenye jua ni lile lile.

Hapo sasa ndipo ninapotaka tulete simtanki.

Una tanki la maji la umwagiliaji. Juu maji yanaingia kwa bomba la kudumu, chini kuna koki. Maji yakiwa juu ndani ya tanki, msukumo ni mkubwa na koki inatoa zaidi, yakiwa chini inatoa kidogo. Ukiacha muda wa kutosha, kina kitatulia mahali ambapo yanayotoka yanalingana na yanayoingia. Sasa ibane koki kidogo. Yanayotoka yamepungua, yanayoingia hayajabadilika, kina kinaanza kupanda. Hakipandi milele. Kinapanda mpaka msukumo uwe mkubwa kiasi cha kulazimisha koki iliyobanwa itoe kama zamani, na hapo kinatulia kwenye alama mpya, ya juu. Dunia iko hivyo. Maji ni joto, kina ni nyuzi tunazopima, na hewa ya ukaa ndiyo mkono unaobana koki.

Swali la wanasayansi ni hili: ukiizidisha hewa ya ukaa mara mbili, kutoka 280 hadi 560, kina kitatulia wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa unyeti wa tabianchi. Ni namba moja tu, nyuzi kadhaa, lakini ndani yake kuna mashamba yetu yote.

Kubana koki kwenyewe kunajulikana vizuri. Kuzidisha mara mbili kunazuia karibu wati 4 kwa kila mita ya mraba. Utasema wati 4 ni kataa kadogo. Basi piga hesabu ya ekari: mita za mraba 4,047 mara 4 ni zaidi ya wati 16,000. Ni sawa na kuweka pasi 16 za wati elfu moja kwenye kila ekari ya dunia, nchi kavu na baharini, ukaziacha zinawaka usiku na mchana.

Kama hakuna kingine kinachobadilika, wati hizo zingepandisha joto la dunia nyuzi 1.2 hivi. Watu wengi wangekubali hiyo wakaendelea na maisha. Shida ni kwamba tanki letu lina tabia: kina kikipanda, vitu vingine navyo vinaigusa koki. Hewa yenye joto zaidi inabeba mvuke zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi 1, na mvuke ni gesijoto, kwa hiyo koki inabanwa tena. Barafu na theluji ikiyeyuka, mahali palipokuwa peupe pakirudisha jua panabaki peusi, ardhi au bahari, panakunywa joto. Hata upande wa kupoza upo, maana tabaka za juu za hewa zinapata joto na kutoa miale zaidi, hiyo inafungua koki kidogo. Halafu kuna mawingu, na haya ndiyo yaliyowatesa wataalamu. Wingu la chini linakinga jua kama mwavuli, wingu jembamba la juu linafunika joto kama shuka. Joto likiongezeka, mawingu yapi yatapungua na yapi yatapanda? Ushahidi wa sasa unaonesha kwamba kwa jumla mawingu yanaongeza joto badala ya kulipunguza.

Ukijumlisha yote, ile 1.2 inakuwa karibu 3. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, liliweka makadirio bora kuwa nyuzi 3, na kwamba kuna uwezekano mkubwa jibu liko kati ya 2.5 na 4.

Namba hiyo haikutoka jana. Mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, aliweka gesi mbalimbali kwenye mirija ya kioo juani akaona yenye hewa ya ukaa inapata joto kuliko zote. Miaka mitatu baadaye John Tyndall, London, alipima hasa jinsi gesi zinavyoshika miale ya joto. Mwaka 1896, hapa Dar tukiwa chini ya Mjerumani, Msweden Svante Arrhenius alikaa na kalamu na karatasi akakokotoa kwamba kuzidisha mara mbili kungeleta nyuzi 5 hadi 6. Alizidisha, lakini kwa mtu asiye na kompyuta wala setilaiti si haba. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na mwenzake walipata karibu nyuzi 2 kwa kompyuta za wakati huo, kazi iliyochangia Manabe kupata Nobeli mwaka 2021. Mwaka 1979, mwaka ule tuliommaliza Iddi Amin na mimi sijazaliwa, kamati ya wanasayansi Marekani ilisema ni kati ya 1.5 na 4.5. Miaka 40 imepita kuufinya ule upana uwe 2.5 hadi 4.

Na hawategemei kompyuta peke yake. Kuna mapovu ya hewa ya kale yaliyofungwa ndani ya barafu ya ncha ya kusini, yanayorudi nyuma miaka 800,000. Miaka 20,000 hivi iliyopita hewa ya ukaa ilikuwa karibu sehemu 190 na dunia ilikuwa na baridi kuliko kabla ya viwanda kwa nyuzi 5 au zaidi. Matope ya chini ya maziwa yetu, Tanganyika na Nyasa, yamechimbwa na kupimwa, na yanasema huku kwetu wakati huo kulikuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 3 hadi 4 hivi. Dunia yenye unyeti mdogo isingeyumba kiasi hicho.

Tumefika wapi sasa? Kutoka 280 hadi 420 ni ongezeko la nusu tu, lakini gesi hii ina tabia ya chokaa ukutani: mkono wa kwanza unafunika sana, wa pili kidogo, wa tatu kidogo zaidi. Kwa hesabu hiyo tumeshapata karibu asilimia 60 ya athari ya kuzidisha mara mbili. Wastani wa miaka 2011 hadi 2020 ulikuwa nyuzi 1.1 juu ya ule wa miaka ya 1850 hadi 1900, na mwaka 2024, ukisukumwa pia na El Niño, ulipita 1.5. Kilichotuchelewesha ni bahari, ambayo imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada, na moshi wa viwanda unaokinga jua kidogo. Tanki ni kubwa, kina kinapanda taratibu.

Nyuzi 3 kwa mtu wa Kariakoo si kitu. Asubuhi na mchana vinapishana kwa zaidi ya hapo. Ila usihesabu kwa jasho lako, hesabu kwa mlima. Joto linapungua karibu nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1000 unazopanda. Kwa hiyo nyuzi 3 ni kama kulishusha shamba mita 460. Kama jibu ni 2.5, unashuka mita 385, kama ni 4, unashuka mita 615. Lushoto mjini iko mita 1,400 hivi. Mboga zinazofika sokoni kutoka kule zinapenda ubaridi wa kule, na ukitaka kuufuata ubaridi inabidi upande, na Usambara yote inaishia karibu mita 2,300. Ardhi ya juu ni ndogo, na nyingi ni msitu wa hifadhi. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari na kila mahali pana yake, lakini inakupa picha ya tunachobishania tunapobishania 2.5 au 4.

Na kwa mkulima usiku una kesi kubwa kuliko mchana. Usiku hakuna jua, joto la alfajiri linaamuliwa na kasi ya kutoka kwa ile miale, na sehemu nyingi za nchi kavu usiku umeongezeka joto haraka kuliko mchana tangu miaka ya 1950. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia kumbukumbu za kahawa ya arabika hapa Tanzania tangu miaka ya 1960 ukakuta kwamba kilichoumiza mavuno kuliko vyote ni joto la usiku. Kwa kila nyuzi 1 iliyoongezeka usiku, mavuno yalishuka kilo 137 hivi kwa hekta. Wenye mibuni wanajua kilo 137 ni ada ya mtoto.

Nyanya nazo ni hivyohivyo. Zinashika matunda vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Usiku ukikaa juu ya 22 na mchana ukapita 32, chavua inadhoofika na ua linadondoka hata kama umemwagilia na kuweka mbolea yote. Dar ya Januari hadi Machi usiku ni 24, 25. Tayari tuko nje ya mpaka, na kila sehemu ya nyuzi inayoongezeka inakula miezi ya pembeni pia.

Lakini tuseme ukweli, siyo kila kitu ni gesijoto. Joto la usiku la Kariakoo lina mkono wa zege, lami, viyoyozi vinavyotapika hewa moto mtaani na miti iliyokatwa. Hilo ni joto la mji, ukienda Kisarawe unaliacha nyuma. Lile la gesijoto haliachwi nyuma, lipo mpaka katikati ya bahari. Vilevile mafuriko ya Jangwani. Hewa yenye mvuke zaidi inaleta mvua nzito zaidi, hiyo ni fizikia, na mvua ya Desemba 2011 iliyoua watu wapatao 40 na kuwahamishia wengine Mabwepande ilikuwa nzito kweli. Ila Msimbazi iliyojaa mchanga na taka, na nyumba zilizojengwa njia ya maji, si kazi ya hewa ya ukaa. Nachoka na semina ambazo neno tabianchi linatumika kufunikia mtaro usiozibuliwa. Na tundu la ozoni ni habari nyingine kabisa, linahusu miale ya jua inayounguza ngozi. Hata volkano nazo tusizisingizie: za dunia nzima, Ol Doinyo Lengai ikiwemo, hutoa hewa ya ukaa chini ya asilimia 2 ya ile tunayotoa binadamu kwa mwaka.

Nani anabana koki? Si mama wa mchicha. Mtanzania mmoja anatoa sehemu ndogo sana ya kile anachotoa Mmarekani mmoja, na dhuluma hiyo tuiseme bila aibu. Habari yenye nafuu ni kwamba utafiti unaonesha binadamu wakiacha kuongeza hewa ya ukaa, joto nalo linaacha kupanda, ingawa halishuki haraka.

Sisi wa shambani sehemu yetu ipo kwenye gesi mbili nyingine. Methani inatoka kwenye matumbo ya ng'ombe na kwenye majaruba ya mpunga yanayokaa na maji muda wote. Ni kali sana kwa uzito uleule kuliko hewa ya ukaa, lakini inakaa angani miaka 12 hivi tu. Kilimo shadidi cha mpunga, unapoacha jaruba likauke kidogo kabla ya kurudisha maji, kinapunguza methani na kinaokoa maji. Ya pili ni oksidi ya naitrojeni inayotoka kwenye mbolea ambayo mmea haukuwahi kuila. Ina nguvu karibu mara 270 ya hewa ya ukaa kwa miaka 100. Ukigawa urea mara mbili au tatu badala ya kuimwaga yote siku moja, unapunguza gesi hiyo, na kwanza kabisa unaokoa hela yako.

Kwa wenye nyanya hapa Dar na pembezoni: sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, hamisha miche ya wiki nne masika yakikatika, mwishoni mwa Mei au mwanzo wa Juni. Maua yatakutana na usiku wa Julai na Agosti, wa nyuzi 18 na 19. Weka matandazo ya majani makavu, mwagilia asubuhi, na nunua kipimajoto kimoja ukitundike kivulini shambani, uandike kila siku kinachosoma saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya miaka mitatu utakuwa na kumbukumbu za shamba lako mwenyewe ambazo mimi sina. Aliye na lazima ya kupanda kaskazi, nyavu za kivuli zinapunguza jua la mchana lakini usiku hazisaidii kitu, kwa hiyo bora uende bamia, matembele au mchicha. Mbegu za nyanya zinazovumilia joto nitaziandikia makala yake, nikishazunguka madukani kuona zipi zipo kweli na zinauzwaje.